Shule isiyochuja mlangoni: tuliyoyadhania kuhusu sekondari za England

Binti yangu alipoanza sekondari, nilimwambia mwenzangu wa kazini kwamba mtoto yuko pablik skuli. Mwingereza yule akaweka kikombe chini, akaniangalia upya kuanzia viatuni. Mimi nilimaanisha shule ya umma, ya serikali, kama tunavyosema Tanga. Yeye alisikia Eton, ambako ada ya mwaka inazidi pauni 50,000. Huku neno hilo limepinduka: pablik skuli ni shule binafsi ya wenye nazo. Anayosoma binti yangu inaitwa komprehensivu, sekondari ya serikali inayopokea watoto bila kuwatahini, kuanzia miaka 11 hadi 16, na juu yake imebeba kidato cha sita. Ada hakuna. Bleza yenye nembo ndiyo utainunua mwenyewe, na uinunue kubwa.

Kosa lile lilinifungua macho. Tumekuja na picha ya shule tuliyotoka nayo nyumbani, na kila tunachokiona hapa Milton Keynes tunakilazimisha kiingie ndani ya picha ile.

"Komprehensivu ni za walioshindwa mtihani"

Wazee waliofika zamani wanalisema hili kwa uhakika, na wana sababu. Baada ya sheria ya elimu ya 1944, watoto wa miaka 11 walifanyishwa mtihani. Wachache waliofaulu walikwenda shule za grama na kusomeshwa kwa ajili ya chuo kikuu. Wengi waliobaki walipelekwa shule ambazo hazikutarajiwa kumfikisha mtu mbali. Komprehensivu zilianzishwa kuuvunja mgawanyo huo. Kidbrooke, kusini mashariki mwa London, ilifunguliwa 1954 kwa madhumuni hayo hasa, na mwaka 1965 waziri Anthony Crosland akatoa waraka kuziomba halmashauri ziachane na mchujo. Waraka uliomba tu, haukuamuru. Ndiyo maana England bado ina shule za grama 163, ilhali Wales na Uskoti hazina hata moja.

Hapa Milton Keynes hakuna. Ukiendesha gari kwenda Aylesbury, safari isiyofika saa nzima, utakuta watoto wa darasa la sita wanakaa mtihani wa mchujo mwezi wa tisa. Kwa hiyo neno "walioshindwa" lina maana Aylesbury. Kwetu halina, kwa sababu hakuna aliyefanyiwa mtihani. Mtoto wa daktari na wa dereva wa teksi wako foleni moja ya chakula.

Nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini. Shule nzuri ikipata maombi mengi kuliko nafasi, mara nyingi baada ya watoto walio chini ya uangalizi wa serikali na wenye ndugu shuleni, kinachofuata ni umbali wa nyumba. Na nyumba za karibu na shule nzuri zina bei yake. Mtihani hakuna, kodi ya nyumba ipo.

"Amepata 1, hongera!"

Kaka yangu wa Tanga alitaka kuchinja mbuzi. Mtoto wa jirani yetu hapa alikuwa amepata 1 katika Kifaransa, na kwa Mtanzania, divisheni wani ndiyo kilele. Kwenye GCSE, mtihani wa taifa unaofanywa mwaka wa 11 wa masomo, mtoto akiwa na miaka kama 16, hesabu imegeuzwa: 9 ndiyo juu kabisa na 1 ndiyo chini. Alama ya 4 inahesabiwa kufaulu, ya 5 kufaulu vizuri. Aliyekosa 4 katika Kiingereza au hesabu anaendelea kuvisoma hata akihamia chuo cha ufundi. Mbuzi alinusurika.

"Kwa kuwa hawachuji, watoto wote wanasoma kitu kimoja"

Hili ndilo lililonichoma mwenyewe, kwa mtoto wangu wa pili.

Mwishoni mwa mwaka wa 10 nilikuwa nikifuta meza ya jikoni, nikaokota karatasi yake ya mazoezi ya hesabu. Alama zilikuwa nzuri, 61 kati ya 80, na mwalimu kaweka tabasamu kwa kalamu ya kijani. Nikafurahi. Halafu macho yakaangukia namba ndogo ya karatasi kwenye jalada: 1MA1/1F. Nikamuuliza F ni nini. "Ni karatasi yetu tu, mama." Wenzake wengine? "Wao wana H."

F ni ngazi ya chini, H ni ya juu. Zote mbili hufanywa siku ileile, kwa dakika tisini zilezile, ila maswali ni mbali. Na hiki ndicho nilichokuwa sikijui: mwenye karatasi ya F hata akipata zote 80 katika karatasi zote tatu, alama yake haiwezi kupita 5. Juu ya hapo dari imefungwa. Kidato cha sita, shule nyingi hazimpokei mtoto kusoma hesabu akiwa na chini ya 6, na nyingine zinataka 7. Bila hesabu, uhandisi alioutaja tangu ana miaka tisa unakuwa mgumu mno. Yote hayo yalikuwa yameamuliwa kwa herufi moja, na hakuna aliyeniandikia barua kusema mwanao amefeli, kwa sababu hakufeli. Alikuwa anafanya vizuri, ndani ya chumba chenye dari fupi.

Chanzo chake ni seti. Watoto wanaingia mwaka wa 7 pamoja, kisha wanapangwa kwa uwezo, somo kwa somo, na wakati gani inategemea shule. Mtu anaweza kuwa seti ya kwanza ya Kiingereza na ya nne ya hesabu. Sisi tuliosoma Tanzania, ambako shule nzima inakaa mtihani uleule wa kidato cha nne, hatuna hata jicho la kuliona jambo hili. Tunasubiri matokeo yatuambie, na matokeo yakija yanathibitisha kilichoamuliwa miaka miwili nyuma.

Sisemi shule inaficha. Jioni ya wazazi unapewa dakika tano kwa kila mwalimu, na mimi miaka yote nilizimaliza kwa swali moja: "Ana adabu?" Ana adabu. Ahsante, mwalimu. Safari hii niliuliza: yuko seti gani, anaandaliwa kwa karatasi gani, na afanye nini ili ahamishwe? Mwalimu hakukasirika hata kidogo. Alitaja sura za algebra alizopungukiwa na akasema atamwangalia tena baada ya majaribio mawili. Kijana alihamishwa Novemba. Angeweza pia asihamishwe. Si kila mtoto ni wa H, na F iliyosomwa vizuri inampa 5 safi kuliko H ya kuhangaika nayo. Nilichotaka ni kujua kabla, basi.

"Kidato cha sita ni kilekile cha kwetu"

Jina ni lilelile, na sisi tulilirithi kwao. Zamani walihesabu kidato cha kwanza tangu miaka 11, cha tano kikaishia 16, na cha sita kikachukua miaka miwili, wa chini na wa juu. Siku hizi wanahesabu tangu shule ya msingi, kwa hiyo ni mwaka wa 12 na wa 13.

Kwetu serikali inakupangia shule na tahasusi, yaani kundi la masomo: PCB (fizikia, kemia, baiolojia), HGL, EGM. Huku mtoto anachagua masomo ya A-level, mtihani wa mwisho wa kidato cha sita, kwa kawaida matatu, na anaweza kuchanganya baiolojia, historia na sanaa bila mtu kushtuka. Uhuru huo una meno. Atakayeacha kemia mwaka wa 12 amejifungia vyuo vingi vya udaktari akiwa na miaka 16. Wala kusoma shule hiyohiyo miaka mitano hakumpi kiti: kila kidato cha sita kina alama zake za kuingilia, naye anaomba kama wengine.

Si lazima abaki pale pale. Sheria tangu 2015 inamtaka awe kwenye masomo au mafunzo hadi miaka 18, na uanagenzi wa kazini unahesabika. Tangu 2020 kuna pia T Level, kozi moja ya ufundi yenye uzito wa A-level tatu na angalau saa 315 za kazi halisi. Kwenye shughuli zetu bado tunaitaja kwa sauti ya msiba. Hatujui tunachokililia.

Na jamani, ukimkuta mtoto wa mwaka wa 12 nyumbani saa nne asubuhi kavaa soksi, usimfokee kabla ya kuona ratiba. Masomo matatu yana vipindi vichache kwa wiki, na muda uliobaki ni wa kujisomea. Kama anajisomea kweli, hiyo ni kesi nyingine.

"Hawachapi, kwa hiyo hakuna nidhamu"

Fimbo iliondolewa shule za serikali 1987. Kuna kubakishwa baada ya masomo, kuna chumba cha kutengwa, kuna kadi ya kusainiwa kila kipindi. Wanaoadhibiwa vikali zaidi ni wazazi. Ukimwondoa mtoto wiki moja kabla ya likizo ili uwahi tiketi rahisi ya Dar, faini ni pauni 160 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, au 80 ukilipa ndani ya siku 21. Baba, mama na watoto wawili, piga hesabu. Urahisi wa tiketi umekwisha.

"Amepata chuo kikuu"

Januari hii binti yangu alipokea majibu kutoka vyuo vitatu. Nikampigia kaka kwa furaha. Akanyamaza kidogo.

"Dada, mtihani si Mei?"

"Ndiyo."

"Sasa nafasi kabla ya mtihani, mmehonga nani?"

Nikamweleza. Wanaomba mwanzoni mwa mwaka wa 13. Wa Oxford, Cambridge na udaktari wanafunga katikati ya Oktoba. Wanatumia alama ambazo walimu wanakisia watapata, na makisio hayo yanategemea sana majaribio ya mwaka wa 12, yale ambayo binti yangu aliyachukulia kama mchezo na kemia ikamgharimu. Chuo kinajibu: tunakutaka, ukituletea A, A na B. Matokeo hutoka Alhamisi moja ya Agosti. Asipoyafikia, wana haki ya kumwacha.

"Basi hiyo si nafasi," kaka akasema. "Hiyo ni posa. Mahari mtalipa Agosti."