Je, wajua kwa nini kufuta jina hakutoshi kumficha mtu ndani ya takwimu?

Katikati ya miaka ya 1990, tume inayosimamia bima ya afya ya watumishi wa umma katika jimbo la Massachusetts, nchini Marekani, iliwapa watafiti kumbukumbu za matibabu za watumishi hao baada ya kuondoa majina lakini kuacha tarehe ya kuzaliwa, jinsi na msimbo wa posta, na gavana wa jimbo hilo, William Weld, akawahakikishia wananchi kwamba siri zao ziko salama. Latanya Sweeney, wakati huo mwanafunzi katika chuo cha MIT, alinunua kwa dola 20 orodha ya wapiga kura wa mji wa Cambridge, alikoishi gavana, akailinganisha na kumbukumbu zile. Wapiga kura sita walikuwa na tarehe ya kuzaliwa sawa na ya gavana, watatu kati yao walikuwa wanaume, na mmoja tu ndiye aliyeishi katika eneo la msimbo wake wa posta. Hivyo ndivyo kumbukumbu za matibabu za gavana zilivyojulikana, ingawa jina lake halikuwamo.

Sababu yake ni hesabu nyepesi. Ukizidisha siku 365 za mwaka kwa miaka 80 ya umri, kisha kwa jinsi mbili, unapata mafungu 58,400, ilhali eneo la msimbo mmoja wa posta wa Marekani kwa wastani halifikishi wakazi 10,000. Mafungu yakiwa mengi kuliko watu, wengi hujikuta kila mmoja peke yake katika fungu lake. Sweeney alikadiria kwamba asilimia 87 ya Wamarekani wangeweza kutambulika kwa mambo hayo matatu tu; mwaka 2006 mtafiti Philippe Golle alirudia hesabu hiyo na kupata kama asilimia 63, kiwango ambacho bado ni zaidi ya nusu ya taifa.

Kutokana na hesabu hiyo kulipatikana kipimo. Hatari ya kufichuliwa hupimwa kwa kuuliza mtu anafanana na wangapi katika zile sifa ambazo mgeni anaweza kuzijua kwa njia nyingine, kama vile umri, jinsi, makazi na kazi. Akiwa peke yake, hatari ni kamili. Wakiwa watano, anayemtafuta ana nafasi moja kati ya tano ya kumpata. Mimi naona ugumu mkubwa uko katika kuamua mgeni huyo anajua nini, kwa sababu katika kijiji ambacho mkunga wa kiume ni mmoja tu, jirani hahitaji orodha yoyote ya kununua: neno "mkunga" likikutana na neno "mwanamume" katika safu moja ya jedwali, kila mtu wa pale amekwisha kumjua.

Namna ya kwanza ya kupunguza hatari ni kupunguza undani. Kanuni za afya za Marekani, kwa mfano, hutaka wenye umri wa miaka 90 na zaidi wawekwe katika kundi moja, kwa kuwa wazee wa umri huo ni wachache na hujulikana. Njia nyingine ni kuficha hesabu ndogo katika majedwali, lakini hapo kuna mtego unaosahaulika mara nyingi: ukificha idadi ya wagonjwa wa kata moja na kuacha jumla ya wilaya pamoja na idadi za kata nyingine zote, msomaji atatoa tu na kuipata ile uliyoificha, kwa hiyo ni lazima kuficha angalau kata ya pili. Tena, hata kundi la watu watano halimlindi mtu ikiwa wote watano wana ugonjwa uleule, maana hapo hakuna haja ya kujua yeye ni yupi kati yao.

Mwaka 2006 ilizaliwa mbinu nyingine, ya mwanasayansi wa kompyuta Cynthia Dwork na wenzake, ambayo huongeza makosa madogo ya kubahatisha, yaliyopimwa kihesabu, ili matokeo yabaki karibu yaleyale mtu mmoja awepo au asiwepo. Marekani iliitumia katika sensa ya mwaka 2020, ikiacha jumla ya watu wa kila jimbo bila kuguswa, na wapo watafiti waliolalamika kwamba takwimu za vijiji vidogo ziliharibika.

Gharama hiyo ya kupoteza usahihi haiko Marekani pekee. Tafiti za kitaifa za afya na idadi ya watu, ambazo zimefanyika pia Tanzania na Kenya, hutoa kwa watafiti mahali palipofanyiwa mahojiano, ila kila alama ya mahali kwenye ramani husogezwa kwa makusudi na kwa kubahatisha: hadi kilomita 2 mjini na hadi kilomita 5 vijijini, na alama moja kati ya kila mia za vijijini husogezwa hadi kilomita 10. Mwenye kaya aliyekubali kupimwa damu hulindwa hivyo, na kwa sababu hiyohiyo, mtafiti anayetaka kujua mama mjamzito hutembea umbali gani kufika zahanati hupata jibu ambalo huenda limekosea kwa kilomita kadhaa, katika eneo ambalo pengine zahanati yenyewe iko kilomita 4 tu kutoka nyumbani kwake.