"Hatukuambiwa": Taarifa za Mtaa Zinapatikana Wapi na Zinadaiwa Vipi

Malalamiko yanayofika kwenye ofisi za mitaa na kata jijini Dodoma siku hizi yanafanana. Mfereji umechimbwa mbele ya geti, mwenye nyumba anasema hakuambiwa. Mchoro wa mipangomiji umepitisha njia kwenye uzio wa mtu, naye hakuambiwa. Vikundi vya mtaa wa jirani vimepata mkopo wa halmashauri, vya hapa vinasema havikujua kama dirisha lilifunguliwa. Ukifuatilia unakuta mara nyingi mambo mawili yamekutana: tangazo lilitoka, lakini lilitolewa ovyo, na mlalamikaji angeweza kulipata, lakini alikuwa anasubiri limfuate kwenye simu.

Kabla ya kwenda mbali, yapo mambo mawili yanayotupotezea muda kila wiki. La kwanza, mpangaji ni mkazi. Wapo watumishi waliohamia na Serikali, wanaishi Iyumbu, Nzuguni au Ilazo mwaka wa tano sasa, na bado wanasema mkutano wa mtaa ni wa wenye nyumba. Si kweli. Mkutano wa mtaa ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, na hati ya kiwanja haiulizwi mlangoni. La pili, balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa chama cha siasa. Tunamheshimu, na habari nyingi hupita kwake, lakini si ngazi ya serikali. Akisahau kukwambia jambo, hukunyimwa taarifa na serikali ya mtaa. Mwenye wajibu huo ni mwenyekiti wa mtaa mliyemchagua na afisa mtendaji wa mtaa, ambaye ni mwajiriwa na ndiye katibu wa mkutano.

Na kwa wale ambao bado wanakwenda kuulizia "CDA", yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu: mamlaka ile ilivunjwa Mei 2017 na kazi zake zikahamia halmashauri, ambayo ilipandishwa kuwa Jiji tarehe 26 Aprili 2018. Masuala ya viwanja yanaanzia huko.

Ubao wa matangazo

Ubao ndio chombo cha kwanza, na ndio unaotunzwa vibaya kuliko vyote. Tangazo linabandikwa kwenye ukuta wa nje kwa gundi ya unga wa ngano. Kufika jioni mbuzi wameshalila, gundi na karatasi pamoja. Lililobaki juu, asipofika mbuzi, linang'olewa na upepo wa Julai na Agosti, na likichapwa kwa mashine ya wino wa maji, mvua ya kwanza ya Desemba inaliacha karatasi tupu yenye madoa ya bluu. Haya si mambo ya bajeti kubwa. Ubao wa plaiwudi wenye fremu na kioo au plastiki ngumu, uliowekwa chini ya paa la baraza, usawa wa macho ya mtu mzima, na usioelekea jua la mchana, unadumu miaka. Karatasi ishikwe kwa pini, ichapwe kwa mashine ya leza au itolewe fotokopi, maana wino wa unga haukimbii maji.

Tangazo lenyewe liwe na tarehe ya kubandikwa na tarehe ya kubanduliwa, jina la cheo cha aliyelitoa, sahihi na muhuri. Bila tarehe ya kubandikwa, ugomvi wa "lilikuwepo" na "halikuwepo" hauna mwisho. Mtendaji makini hupiga picha ubao siku anayobandika, picha ikionyesha karatasi zote, na kuihifadhi kwenye faili la tangazo hilo. Mwananchi naye hakatazwi kupiga picha.

Mchoro wa mipangomiji unahitaji neno la ziada. Ukibandikwa, usitafute jina lako, kwa sababu halimo. Tafuta alama unayoijua, kama shule, msikiti, korongo au barabara ya lami, kisha hesabu viwanja mpaka kwako. Angalia mistari miwili inayokwenda sambamba: hiyo ni njia, na kama imekatiza chumba chako, wakati wa kusema ni mchoro ukiwa bado ubaoni, ndani ya muda uliotajwa kwenye tangazo. Andika pingamizi, taja namba ya kipande, peleka kwa mtendaji ukiwa na nakala yako. Mchoro ukishaidhinishwa na mawe ya mipaka kupandwa, kazi ya kuubadili ni kubwa mno, na kupiga kelele mbele ya wapima hakurudishi kitu.

Mkutano

Tangazo la mkutano lisipungue siku saba, na lisitegemee karatasi peke yake. Kwenye mitaa ya pembezoni kama ya Hombolo, Mbabala, Chihanga na Matumbulu, karatasi inasomwa na wachache. Huko kipaza sauti juu ya bodaboda jioni ya kuamkia mkutano, na tangazo fupi baada ya ibada, hufikia watu wengi zaidi. Saa nayo ina maana yake. Mkutano wa saa 4 asubuhi mwezi Desemba, watu wakiwa wanapanda mtama na uwele, utapata wazee na watoto; wakati wa kuvuna zabibu ni hivyo hivyo. Saa 10 jioni inafaa zaidi. Upande wa Msalato, kuitisha mkutano Jumamosi ya mnada ni kujitafutia kuahirisha. Na panapokuwa na wazee wasiozoea Kiswahili cha ofisini, mambo ya fedha na ardhi yarudiwe kwa Kigogo, kwa mdomo, kabla ya kupitishwa.

Akidi, yaani idadi ya wahudhuriaji inayotakiwa, isipotimia, mkutano unaahirishwa. Kilichosemwa hapo kinabaki kuwa mazungumzo ya majirani, hakimfungi mtu.

Sasa mpangilio wa ajenda, maana hapa ndipo wananchi wengi wanapoteza haki yao wenyewe. Baada ya kufungua na kuhesabu mahudhurio, unasomwa muhtasari wa mkutano uliopita na kuthibitishwa. Kisha yanakuja yatokanayo, yaani utekelezaji wa maazimio ya mkutano ule. Zinafuata taarifa ya mapato na matumizi, na taarifa za wataalamu kama zipo. Mwisho ni mengineyo. Watu wengi hufika wakati wa mengineyo, wanasema kwa uchungu, wanapigiwa makofi, wanarudi nyumbani. Katibu anaandika: "Wananchi walilalamikia kero ya taka." Sentensi hiyo haina mwenye kazi wala tarehe, na mkutano unaofuata haitamdai mtu.

Panapobana ni kwenye yatokanayo. Jambo lolote unalotaka lifuatiliwe, omba liandikwe kama azimio lenye sehemu tatu: nini kifanyike, nani akifanye, ifikapo lini. Kwa mfano: "Mtendaji wa mtaa aandike barua kwa afisa afya wa kata kuhusu gari la taka kutopita eneo la shule, kabla ya tarehe 15, na majibu yasomwe mkutano ujao." Mkutano ujao katibu atalazimika kusoma jibu, au kusema mbele ya watu kwamba hakuandika. Na muhtasari haukai mtaani tu; unapanda kwenye kata, ambako Kamati ya Maendeleo ya Kata chini ya diwani inaona nini kimekwama. Kwa hiyo asiyehudhuria usomaji wa muhtasari amekosa sehemu yenye nguvu kuliko zote.

Mapato na matumizi

Taarifa hii husomwa kila robo mwaka na kubandikwa. Inayostahili kuitwa taarifa huanza na salio la mwanzo, ikaonyesha mapato kwa kila chanzo, matumizi kwa kila kitu na namba ya hati ya malipo, kisha salio la mwisho na sahihi. Kipimo rahisi: salio la mwanzo la robo hii lazima lilingane na salio la mwisho la robo iliyopita, mpaka shilingi ya mwisho. Ndiyo maana picha ya taarifa ya zamani kwenye simu yako ina thamani. Mstari unaosema "ukarabati wa ofisi, sh. 1,850,000" haujitoshelezi. Uliza mifuko mingapi ya saruji, mabati mangapi, fundi alilipwa kiasi gani.

Lakini tusichanganye mifuko. Fedha ya darasa au zahanati inayotoka Serikali Kuu huingia kwenye akaunti ya shule au kituo husika, si ya mtaa. Kutoiona kwenye taarifa ya mtaa si ushahidi kwamba imeliwa. Ujenzi wa namna hiyo unasimamiwa na kamati tatu, ya ujenzi, ya manunuzi, na ya ukaguzi na mapokezi, na wajumbe wake wamo wananchi wa hapo hapo. Mwulize mjumbe wa mapokezi: ndiye anayejua kama nondo zilizofika ni za milimita 12 au zilishushwa za 10.

Mchango wowote ulipwe kwa kumbukumbu namba (control number) au kwa risiti ya serikali. Barua ya utambulisho haina malipo. Ile "asilimia 10" inayoombwa na baadhi ya viongozi wa mitaa pale kiwanja kinapouzwa haina msingi wa kisheria, na imeshapigwa marufuku mara nyingi. Isichanganywe na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo ni mikopo ya vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, na taarifa zake zianzie kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Kundi la WhatsApp

Hatupingi makundi ya WhatsApp ya mitaa; yamerahisisha kazi. Ila kundi linaonyesha tu taarifa ilipo. Picha ya tangazo lenye muhuri inatosha. Maneno ya "nimesikia kwamba" hayatoshi, hata kama yametoka kwa mjumbe wa kamati. Kundi lenye nidhamu huwa na watumaji wawili, mwenyekiti na mtendaji, na mijadala inafanyika kundi la pembeni. Mwenyekiti naye asitumie kundi kupitisha jambo: dole gumba 60 kwenye simu si azimio la mkutano.

Yapo makosa yanayofanywa kwa wepesi sana. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu kusambaza taarifa za uongo kwa nia ya kupotosha au kudanganya: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inawahusu viongozi hasa. Orodha ya kaya za TASAF yenye namba za simu, nakala za vitambulisho, majina ya wagonjwa au ya walioshindwa kulipa mchango, havibandikwi kwenye kundi. Kwa mtu binafsi, kutoa taarifa za wengine kinyume cha sheria hiyo kunaweza kuleta faini ya kati ya shilingi 100,000 na milioni 20, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote. "Nilifowadi tu" ni maelezo tunayoyasikia mara nyingi, na hayamwondolei mtu wajibu.

Vilevile, mwenyekiti hakati umeme wala hafungi maji. Mgao wa maji unatangazwa na DUWASA, umeme na TANESCO, barabara za mitaani ni za TARURA na barabara kuu ni za TANROADS. Ofisi ya mtaa inapokea ratiba na kuibandika. Isipoletewa ratiba, haina cha kubandika, na kumtukana mtendaji hakuleti maji.

Ukinyimwa

Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu masuala muhimu kwa jamii, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaeleza namna ya kuidai. Anza kwa mdomo, kwa heshima. Maombi mengi yanaishia hapo kwa faili kufunguliwa mezani. Isipowezekana, andika barua, kama raia yeyote anavyoweza: jina, anwani, namba ya simu, na taarifa unayoitaka ikitajwa kwa usahihi. "Naomba taarifa za fedha" itarudishwa. "Naomba nakala ya taarifa ya mapato na matumizi ya mtaa, Julai hadi Septemba, na muhtasari wa mkutano ulioipokea" inajibika. Asiyeweza kuandika ana haki ya kusaidiwa kuandikiwa ombi lake. Huna haja ya kueleza unaitakia nini. Unaweza kutozwa gharama halisi ya kutoa nakala, si zaidi.

Ofisi ina siku 30 za kukujibu. Inaweza kukataa kwa sababu zilizotajwa na sheria, kama faragha ya mtu mwingine au upelelezi unaoendelea, lakini ikatae kwa maandishi na kutaja sababu. Usiporidhika, unaomba mapitio kwa mkuu wa taasisi, yaani mkurugenzi wa halmashauri, na baada yake kwa Waziri. Kote huko utaulizwa jambo moja: barua ilipokelewa lini? Kwa hiyo peleka nakala mbili, moja ibaki ofisini, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na sahihi ya aliyepokea, uondoke nayo. Siku 30 zinahesabiwa kutoka kwenye muhuri huo, hazihesabiwi kutoka siku uliyoandika.