Lisemwalo lipo? Waya mrefu na pleya ya santuri

Wengi tunaanza kwa kupanga kila kitu juu ya meza moja: pleya, amplifaya, spika kulia na kushoto. Ukiongeza sauti, besi inatikisa meza, meza inatikisa sindano, na sindano inaurudisha mtikiso huo kwenye spika hadi mngurumo unapanda wenyewe. Dawa ni kuihamisha pleya mbali na spika. Sasa waya mrefu unahitajika, na kila mtu ana lake la kusema.

"Waya mrefu huua sauti." Waya upi? Katriji, kile kichwa kinachobeba sindano, ni ya aina mbili. Ya MM (sumaku ndiyo inayocheza), iliyo kwenye pleya nyingi za nyumbani, hutoa milivolti 3 hadi 5 hivi. Za MC (koili ndiyo inayocheza) nyingi hazifiki hata nusu milivolti. Linganisha na pleya ya CD inayotoa kama volti 2. Priampu ya santuri ndiyo inayoikuza sauti hiyo changa, mara 100 hivi kwa MM, na kuirudisha besi iliyopunguzwa makusudi santuri ilipokuwa ikikatwa. Kabla ya priampu, urefu una gharama. Baada yake, mita 10 hazimsumbui mtu.

Gharama yenyewe ni hii. Waya wa RCA, ule wa kawaida wa kupitisha sauti kati ya vifaa, una kiini katikati na wavu unaokizunguka, plastiki ikiwa kati yao. Huo tayari ni kapasita, yaani kitu kinachohifadhi chaji ya umeme, kwa kawaida pikofaradi 50 hadi 150 kwa kila mita. Koili ya katriji ya MM huitikiana na kapasita hiyo na kunyanyua sauti kwenye masafa fulani, kisha kuikata juu ya hapo. Katriji ya AT-VM95E ya Audio-Technica, kwa mfano, inataka jumla ya pikofaradi 100 hadi 200. Ikiwa na 200, mnyanyuko huo unakaa karibu na hezi (mitikiso kwa sekunde) 15,000. Ongeza mita 5 za waya wenye pikofaradi 100 kwa mita, nao unashuka hadi kama hezi 8,000: herufi "s" ya mwimbaji inachoma sikio, na mng'ao wa matoazi juu yake unafifia. Mimi niliwahi kununua sindano mpya kwa kosa hili hili. Sindano ya zamani ilikuwa nzima kabisa.

Wenye MC hawana shida hiyo, kwani koili zao ni ndogo mno. Shida yao ni kwamba sauti hafifu namna ile humezwa upesi na mvumo.

"Basi nunua waya wa bei mbaya." Bei haiondoi kapasita. Uliza pikofaradi kwa mita. Muuzaji asiyejua, mshukuru uende zako. Waya wa dishi wa RG-6 una kama pikofaradi 50 kwa mita, na kutoka priampu hadi amplifaya unafanya kazi safi. Ila wavu wake mara nyingi ni wa alumini usioshika lehemu, hivyo tafuta vichwa vya RCA vya kubana.

"Ukisikia mvumo, fupisha waya." Anza na erthi. Umeme wetu ni wa hezi 50, na ule mvumo mzito usiokatika mara nyingi hutokana na waya mwembamba wa erthi wa pleya uliolegea au kusahaulika. Ufunge kwenye skrubu ya priampu. Waya wa sauti usilale sambamba na wa umeme. Ikikutana, ipishane kama njia panda. Na usikate pini ya erthi ya plagi, hata mvumo ukikoma: umebadilisha kero kwa hatari ya kupigwa shoti.

"Waya za spika lazima zilingane urefu." Hapana. Tofauti ya mita 3 inachelewesha umeme kwa nanosekunde 15 hivi. Ukijisogeza kidogo kwenye kochi umeshaleta tofauti kubwa zaidi. Kinachohesabika ni unene. Kwa umbali wa mita 10, kwenda na kurudi, shaba ya milimita za mraba 0.75 ina upinzani wa karibu nusu omu, na ya 2.5 kama omu 0.15. Kwa spika ya omu 8, nunua ile nene.

Mpangilio wangu: priampu kando ya pleya, kati yao waya usiozidi mita moja, halafu urefu wote uende kwenye amplifaya. Lakini kabla ya kununua priampu, chungulia nyuma ya pleya. Nyingi za siku hizi zina priampu ndani, na swichi yenye PHONO (sauti bado changa) na LINE (sauti iliyokwisha kukuzwa). Weka LINE, chomeka kwenye AUX, tundu la kawaida la sauti la amplifaya. Ukichomeka kwenye tundu lake la PHONO, sauti iliyokwisha kukuzwa inakuzwa tena na kutoka imepasuka, na lawama zote zitaangukia ule waya.