Konvensheni ya pili ya Texas ilizaliwaje

Kila nikifundisha habari za Wabaptisti wa Texas, swali la kwanza darasani huwa hili: askofu wao aliruhusuje wagawanyike? Hawana askofu. Kila kanisa la mahali linajitawala, na mkutano wa washirika ndio wenye neno la mwisho. Konvensheni huundwa na makanisa yenyewe ili yafanye kwa pamoja yasiyoyaweza yakiwa pekee, kama kutuma wamisionari na kusomesha wachungaji. Kanisa likitaka kutoka, linapiga kura na kutoka.

Makanisa ya Texas yanayoshirikiana na Wabaptisti wa Kusini, konvensheni ya kitaifa ya Marekani, yalikuwa na konvensheni moja ya jimbo tangu 1886. Mambo yalianza kubadilika mwaka 1979, Wabaptisti wa Kusini walipokutana Houston wakamchagua Adrian Rogers kuwa rais. Rais huteua kamati, kamati hiyo hupendekeza kamati nyingine, na hiyo ya pili ndiyo hupendekeza wadhamini, yaani wasimamizi wakuu, wa seminari na bodi za misheni. Wahafidhina, yaani waliosisitiza kwamba Maandiko hayana kosa, walishinda urais mwaka baada ya mwaka, hadi wadhamini wengi wakawa wa upande wao. Lakini uongozi wa jimbo la Texas ulibaki kwa wenye msimamo wa wastani. Machi 1994 wadhamini wa seminari ya Fort Worth walimwondoa mkuu wake, Russell Dilday, na kufuli za ofisi yake zikabadilishwa siku hiyohiyo. Kidonda hicho hakikupona.

Novemba 1998, huko Houston, wahafidhina wa Texas wakaunda konvensheni yao.

Wengi husema waligombania madaraka. Madaraka yalikuwemo, sikatai, lakini naamini kiini kilikuwa ungamo la imani. Konvensheni mpya ilitaka kila kanisa linalojiunga likiri kwamba Maandiko hayana kosa. Ile ya zamani ilishikilia kwamba Mbaptisti halazimishwi kutia sahihi ungamo lililoandikwa na wanadamu. Pande zote mbili zilisimama juu ya urithi halisi wa Kibaptisti, na ndiyo maana iliuma hivyo.

Suala la pili ni sadaka. Tangu 1925 kanisa hutuma cheki moja kwa konvensheni ya jimbo. Jimbo hubakiza fungu lake na kupeleka linalosalia kwenye kazi ya kitaifa na misheni ya nje. Wamisionari wa Wabaptisti wa Kusini walioingia Kenya na Tanganyika mwaka 1956 walitunzwa na mfuko huo, kwa hiyo habari hii inatugusa hata sisi. Konvensheni mpya ilikuja kupeleka asilimia 55 na kubakiza 45 jimboni, jambo ambalo konvensheni chache za majimbo zimethubutu.

Kwa kanisa dogo, basi, kuhama kulimaanisha mikono kuinuliwa kwenye mkutano wa washirika, kisha mweka hazina kuandika anwani nyingine juu ya bahasha. Makanisa mengine hayakuweza kuchagua. Yalijiunga na zote mbili, na mweka hazina wao akawa anaandika cheki mbili.