Lenzi Inayovuta Mbali Haitakuletea Papa: Dhana Potofu za Upigaji Picha Chini ya Bahari

Juzi nimeisikia tena. Boti haijaondoka hata ufukweni Utende, mgeni ananionyesha kamera yake mpya ndani ya kasha: "Kaka, lenzi hii inavuta mbali sana. Leo sina haja ya kumsogelea papa." Tulipopanda juu tukakaa chini ya turubali kutazama picha. Papa wa kijivu ndani ya ukungu wa buluu, na mbele yake vidoa vyeupe kama unga uliomwagika. Kamera haikuwa na kosa lolote.

Miaka yote ninayozamisha wageni hapa kisiwani Mafia, hakuna dhana iliyoharibu picha nyingi kama hii. Mbugani lenzi ndefu inafaa kwa sababu kati yako na simba kuna hewa tu. Huku chini kuna maji, na maji ni pazia. Kila mita unayoiacha kati yako na kiumbe ni pazia jingine. Ukivuta kwa lenzi unamkuza papa pamoja na mapazia yake yote.

Chukua suala la rangi. Maji humeza nyekundu kwanza. Ukifika mita 5 imeshafifia vibaya, kisha inafuata ya chungwa, halafu njano. Niliwahi kujikwaruza kidole kwenye mwamba nikiwa kwenye mita 20 na ushei, damu ikatoka ya kijani kibichi. Wageni wengi wanalijua hilo, ila wanadhani kina peke yake ndicho kinachohesabiwa. Mwanga unahesabiwa safari yake nzima. Ukiwa mita 8 chini na samaki yuko mita 4 mbele yako, mwanga wa jua umepita mita 8 za maji kumfikia, kisha mita 4 nyingine kuifikia lenzi yako. Hizo ni mita 12. Usiniambie utaisahihisha kwenye kompyuta: nyekundu ambayo haikufika kwenye lenzi, kompyuta itaitoa wapi?

Ndiyo maana tunabeba flashi. Picha ya kwanza ya rangi chini ya bahari ilipigwa 1926 huko Florida na William Longley na Charles Martin, na ili wapate mwanga wa kutosha iliwabidi walipue unga wa magnesi juu ya chelezo. Leo flashi inakaa kiganjani, lakini maji ni yaleyale. Flashi nzuri inafanya kazi ya maana ndani ya mita moja na nusu hivi. Papa aliye mita 5 haimfikii kitu. Inachomulika ni chembe zilizoelea katikati, na huo ndio ule unga kwenye picha ya yule mgeni wangu. Tandaza pembeni mikono inayoshikilia flashi kwenye kamera, flashi zitazame nje kidogo, kisha sogea.

Na ukidhani umesogea, bado. Maji hupinda mwanga, kwa hiyo kila kitu kinaonekana karibu kuliko kilivyo. Unachokiona mita 3 kiko mita 4. Mimi huwapa wageni vipimo vya wazee wetu, kwa sababu mwili hausahau: kiumbe mdogo shibiri, samaki wa mwambani dhiraa, papa pima moja ikiwa mwenyewe ameridhia. Ukiwa mbali kuliko hapo, usibonyeze. Tazama tu, ufurahi.

Hapo ndipo anapotokea mgeni wa pili, yule aliyenielewa nusu. "Basi nimfukuze." Hapana! Papa wa mwambani mwenye ncha nyeusi kwenye pezi ni mwoga. Ukipiga mapezi ya miguuni kumfuata utapata picha ya mkia, na mwenzako naye hatapata kitu siku hiyo. Kinachokupeleka karibu ni kutulia: uzito wako umekaa sawa, huzami wala huelei, mikono imekunjwa, umejiweka ubavuni mwa njia yake badala ya nyuma yake. Akija, atakuja mwenyewe. Papa wana vitundu vya hisia puani vinavyonasa umeme mdogo sana, na kamera na flashi zina umeme, hivyo mara nyingine anakisogelea kifaa chenyewe kukikagua. Hilo si shambulio. Duniani kote, papa kuuma watu bila kuchokozwa ni matukio kama 60 au 70 kwa mwaka, na wengi wao wanapona.

Wengine hushauriana: "Bana pumzi, mapovu yanamtisha." Hili linanikasirisha kuliko yote, kwa kuwa linaua. Mapovu humshtua kweli. Lakini ukiwa na mtungi mgongoni, ukabana pumzi ukapanda hata mita moja na kitu, hewa inatanuka na mapafu yanaweza kupasuka. Pumua polepole, wakati wote. Picha ikikosekana, ikosekane.

Wapo pia wanaosema: "Maji ya Kilindoni ni machafu, potwe hawapigiki." Ule ukungu ndio chakula! Papa potwe, wale wakubwa wenye madoa, wanakuja pale, hasa Oktoba hadi Machi, kwa ajili ya uduvi wadogo mno waliojaa majini. Maji yakiwa maangavu kama kioo, potwe angefuata nini? Kwake tunakaa mita 3 na flashi inazimwa. Hupotezi kitu: anakula karibu na uso wa maji ambako nyekundu bado ipo, na kwa ukubwa wake lenzi pana, ile inayochukua eneo kubwa, itamjaza kwenye picha.

Kuhusu viumbe wadogo nitasema machache. Wageni wanawatafuta kwenye matumbawe mazuri tu, wakiruka majani ya bahari na mchanga, wakati farasi bahari anajifunga mkia kwenye majani hayohayo. Halafu yupo anayesema, "Nimemsogeza kidogo tu, ageuke." Watu wanahofia flashi itampofusha farasi bahari, lakini utafiti uliochapishwa 2019 haukuona madhara kwenye macho yake. Kilichomsumbua zaidi ni kushikwa. Kijiti chako cha chuma cha kusogezea viumbe kiache botini. Mimi mwenyewe hulala juu ya mchanga usio na kitu, natoa pumzi taratibu, namngoja. Samaki mkunga mmoja pale Kinasi nilimngoja dakika kumi na tano, mpaka kamba msafishaji alipoingia mdomoni mwake na kuanza kumchokonoa meno. Nilikuwa shibiri moja kutoka kwake. Hakuyumba.

Nina ombi kwa mnaokuja msimu huu. Kila mtu anataka uso wa potwe, mdomo wazi. Upigeni, lakini msisahau ubavu wa kushoto, kuanzia nyuma ya matamvua, juu ya pezi la kifuani. Madoa ya pale hayafanani kwa potwe wawili, na watafiti huwatambua kwa mbinu ya kompyuta iliyobuniwa kulinganisha nyota angani. Potwe wako hatarini kutoweka duniani tangu walipoorodheshwa hivyo 2016. Picha ya ubavu unayoiona haina mvuto, usiifute botini. Nipe kwanza.