Picha za kale za Ugogo si kioo cha kijiji

Wengi huamini kwamba picha ya zamani ya kijiji cha Ugogo, nchi ya Wagogo katikati ya Tanzania, huonyesha maisha yalivyokuwa, basi. Sivyo. Huonyesha kile ambacho mwenye kamera alikitaka, na kile ambacho kamera yake iliweza kukinasa.

Chukua rangi. Vioo vilivyotumika kunasia picha katika miaka ya mwanzo ya ukoloni wa Kijerumani kwa kawaida havikuhisi wekundu, hivyo kijana wa Kigogo aliyejipaka udongo mwekundu hutoka mweusi tititi. Anga la buluu nalo hutoka jeupe, mawingu yakipotelea humo. Anayesema “nchi hii ilikuwa kame na isiyo na rangi hata zamani” huenda anasoma kasoro ya kemikali.

Kisha kuna kilichoachwa nje. Picha ya nyumba mpya zilizopangwa mstari wakati wa Operesheni Dodoma, kampeni ya serikali ya kuwahamishia watu vijiji vya ujamaa, 1971, haionyeshi tembe, nyumba za jadi za Wagogo, ambazo wenyeji walizihama.

Hata hivyo, msizitupe! Mpiga picha alimpanga mtu wa mbele. Nyuma yake mara nyingi hakupagusa. Huko ndiko mimi hutazama kwanza: paa bapa la tembe lililofunikwa udongo, nafaka iliyoanikwa juu yake, vibuyu ukutani, zizi lililozungukwa na nyumba. Maelezo ya chini huandika “mwanamke wa Kigogo” tu, bila jina. Wapelekeeni wazee wa Mvumi au Mpwapwa nakala, wangali hai. Wanaweza kumtambua bibi yao, na mbuyu uliopo nyuma yake.