MP4 si aina ya video

"Video ni MP4, TV imeandikwa inasoma MP4, sasa mbona haichezi?" Swali hili haliishi kwenye vibanda vya kuwekea nyimbo na filamu kwenye flashi, na jibu lake karibu kila mara ni kwamba faili limeharibika, lipakuliwe upya. Mtu anarudi nyumbani, anamaliza bando jingine, anapata faili lile lile lenye tatizo lile lile. Faili ni zima. Kilichokosewa ni kudhani kwamba MP4 ni aina ya video.

MP4 ni chombo. Ndani yake huwekwa mkondo wa picha, mkondo wa sauti, pengine na maandishi ya tafsiri, pamoja na orodha ya kuonyesha kipi kichezwe sekunde ipi ili midomo iende sawa na maneno. MKV, AVI, MOV na 3GP nazo ni vyombo. Picha na sauti zilizomo zimebanwa kwa kanuni fulani, na kanuni hiyo ndiyo kodeki: huku inabana, kule inafungua. H.264 ni kodeki ya picha, na vivyo hivyo VP9, AV1 na ile H.265 ambayo mara nyingi huandikwa HEVC. AAC, Opus, AC-3 na DTS ni za sauti. Maana ni hiyo tu.

Majina yenyewe yamechangia sana kuwachanganya watu. Ukiona MP3 halafu MP4, akili inakwambia hizi ni hatua za ngazi moja: ya tatu ilikuwa sauti, ya nne wakaongeza picha. Wauzaji wa vile vichezeo vidogo vya mfukoni waliukoleza mkanganyiko huo walipoanza kuandika MP4 na hata MP5 kwenye maboksi. Lakini namba hizo mbili hazina undugu. Kundi la wataalamu linaloitwa MPEG lilianza kazi mwaka 1988, na kiwango chake cha kwanza, MPEG-1, kilichapishwa mwaka 1993. Upande wa sauti kiwango hicho kilikuwa na tabaka tatu, na tabaka la tatu ndilo tunaloliita MP3. Ile 3 ni namba ya tabaka. Watafiti wa taasisi ya Fraunhofer, Ujerumani, walikuwa wakiyaita mafaili yao .bit, wakakubaliana kutumia .mp3 mwezi Julai 1995. Kiwango cha MPEG-3 hakikuwahi kutoka kabisa. Kilikusudiwa televisheni ya picha angavu, kazi yake ikamezwa na MPEG-2. Na MP4 ni sehemu ya 14 ya kiwango cha MPEG-4, iliyojengwa juu ya muundo wa QuickTime wa kampuni ya Apple.

Kwa hiyo MP3 ni namna ya kubana sauti, na MP4 ni chombo cha kubebea. Kulinganisha hivi viwili ni kulinganisha vitu visivyo vya daraja moja. Sauti ya MP3 inaweza kukaa ndani ya MP4 bila shida yoyote. MP4 nayo inaweza kuwa na sauti tupu: faili la .m4a ni chombo hicho hicho, herufi za mwisho zimebadilishwa ili kompyuta ijue kwamba humo hamna picha.

Turudi kwenye TV. Maandishi ya kwenye boksi yanasema inafungua chombo cha MP4, na ni kweli inakifungua. Inakuta ndani picha ya H.265, kodeki iliyokamilishwa mwaka 2013, wakati TV yenyewe ilitengenezwa kwa ajili ya H.264 ya mwaka 2003. Matokeo yake unasikia sauti kwenye kioo cheusi. Video nyingi za harusi zinazorekodiwa kwa iPhone zinakwama hapo, kwa sababu simu hizo zilianza kurekodi kwa H.265 mwaka 2017. Filamu za MKV nazo huleta kinyume chake: picha safi kabisa, sauti hakuna. Humo sauti mara nyingi ni DTS au AC-3, na TV haina ruhusa au uwezo wa kuifungua. Ukitaka kuhakikisha, cheza faili hilo kwa programu ya VLC kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na J kwa pamoja, utaona kila mkondo na kodeki yake. Ni kazi ya sekunde chache, na ingewaokolea watu mabando mengi.

Hapa ndipo wengine hubadilisha herufi za mwisho wa jina, .mkv wakaifuta na kuandika .mp4. Mafuta ya taa ukiyatia kwenye chupa iliyoandikwa maji hayanyweki. Zipo programu zinazochungulia ndani ya faili bila kujali jina, ndiyo maana baadhi ya simu hulicheza, na mtu anaamini kwamba amegeuza kitu. Hakuna kilichogeuka.

Kugeuza kwenyewe ni kazi mbili, na kuziita kwa neno moja ndiko kunakoleta hasara kubwa. Kazi ya kwanza ni kuhamisha: unatoa mikondo kwenye MKV na kuipanga ndani ya MP4 bila kuigusa. Hakuna kinachopungua kwenye picha wala sauti, na filamu nzima inahama kwa muda unaokaribia ule wa kuinakili. Kazi ya pili ni kubana upya: picha inafunguliwa yote, fremu baada ya fremu, halafu inabanwa kwa kodeki nyingine. Hiyo inaweza kuchukua saa kadhaa kwenye kompyuta ya zamani, feni ikiunguruma muda wote, na kila mara kuna kinachopotea.

Ile filamu isiyo na sauti haihitaji kubanwa upya picha yake. Kwa programu ya FFmpeg, ambayo haiuzwi, amri ni mstari mmoja:

ffmpeg -i filamu.mkv -c:v copy -c:a aac filamu.mp4

Neno copy linaamuru picha ihamishwe kama ilivyo. Aac inaamuru sauti peke yake ndiyo ibanwe upya. Inakwisha kwa dakika chache. Video ya harusi ya H.265 ndiyo yenye haki ya kubanwa upya kwenda H.264, na hata hapo lile faili la awali litunzwe, kwa sababu hakuna nakala itakayolizidi.

Upande wa sauti, kinachosikitisha ni kuona kwaya zinachukua rekodi ya MP3 na kuigeuza WAV, yaani faili la sauti ambayo kwa kawaida haijabanwa, zikiamini ubora umepanda. Sauti ya kiwango cha CD hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo biti 16, kwa njia mbili. Ni takribani megabaiti 10 kwa dakika. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde haifiki megabaiti moja kwa dakika. Tofauti hiyo imepatikana kwa kutupa kile ambacho sikio halitarajiwi kukisikia, hasa sauti ndogo iliyofunikwa na kubwa iliyo jirani yake. Sikiliza kayamba kwenye MP3 iliyobanwa sana: ule mchakacho mkavu wa mbegu unageuka kitu cha majimaji. Ukiigeuza WAV utapata megabaiti 10 za kayamba lile lile la majimaji. Vivyo hivyo ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ambao ni Opus: ukiugeuza MP3 ya kilobiti 320 unaongeza uzito wa faili tu.

Kwa hiyo ukipeleka flashi kwa fundi, usiishie kusema "nigeuzie iwe MP4", maana huenda tayari ni MP4. Mwambie "naomba picha iwe H.264 na sauti iwe AAC, ndani ya MP4", kisha umwonyeshe mkondo gani unakataa. Na wewe fundi unayeombwa MP4, tazama kwanza kilichomo; kama picha inakubalika kwenye TV ya mteja, iache kama ilivyo, ushughulikie sauti.